Kushinda Mechi na Bado Umeiuza

Filamu bora kuhusu kamari kati ya zote nilizowahi kuona inaanzia Ethiopia. Ni mwaka wa 2010, machimbo ya Welo. Mchimbaji amevunjika mguu vibaya, wenzake wamewazingira wasimamizi kwa hasira, na katikati ya vurugu hiyo vijana wawili wanarudi shimoni kimyakimya na kung'oa jiwe la opali. Kamera inaingia ndani ya jiwe, rangi zinapita kama ndoto ya mtu mwenye malaria, na tunapotokea upande wa pili tuko New York mwaka wa 2012, ndani ya utumbo wa Howard Ratner akipimwa na daktari. Kutoka mgodini hadi kwenye matumbo ya mchuuzi wa vito. Ukitaka kueleza pesa ya kamari hutoka wapi na huishia wapi, hizo dakika chache zinatosha.

Uncut Gems ya ndugu wawili, Josh na Benny Safdie, ilitoka 2019. Nimewapa watu wengi hapa Komarock waione na nusu yao waliizima katikati wakisema ina kelele, kila mtu anafokeana, hakuna pa kupumua. Nawaelewa. Lakini tangu Oktoba 23, 2025, siku ambayo Marekani ilitangaza kuwakamata watu zaidi ya 30 katika kesi mbili za kamari, akiwemo kocha mmoja wa NBA na mchezaji mmoja, nimeirudia mara tatu. Vyombo vya habari vilikuwa vinatafuta mwizi. Filamu hii, miaka sita mapema, ilikuwa inatazama mkeka.

Mkeka, kwa wale ambao wamebahatika kutojua, ni ile karatasi ya ubashiri, siku hizi ukurasa kwenye simu, unapounganisha matokeo kadhaa ili malipo yakue. Neno tumeazima kwa Watanzania, na wao wana akili: mkeka husukwa ukindu kwa ukindu, na ukichomoka mmoja, wote unafumuka. Huko kwao hata orodha ya walioteuliwa na Rais huitwa mkeka. Unangoja jina lako.

Sasa tazama mkeka wa Howard. Anadaiwa na shemeji yake, Arno, ambaye amekuja dukani na mabaunsa. Howard ana pesa ya kulipa deni lote mkononi. Kevin Garnett wa Boston Celtics, anayejiigiza mwenyewe, ametoka kumlipa kwa lile jiwe. Badala ya kulipa, Howard anampenyezea Julia, mpenzi wake, lile begi la pesa aende nazo kasino. Anaunganisha mambo matatu: Celtics washinde mpira wa kurusha wa kuanzia mechi, Garnett apite idadi fulani ya pointi na ribaundi, na Celtics washinde mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia.

Hesabu tena. Kati ya mambo matatu, moja tu linahusu nani kashinda mechi. La kwanza ni tukio la sekunde moja. La pili ni mwili wa mtu mmoja. Howard anakodoa macho kwenye televisheni na hatazami mpira wa vikapu hata kidogo. Anatazama takwimu zikipanda. Kila Garnett akigusa mpira, Howard anaruka kama aliyeguswa na waya. Mechi ile ilichezwa kweli, Mei 26, 2012, Celtics wakashinda 85 kwa 75, Garnett akafunga pointi 18 na kuokota ribaundi 13. Ndugu Safdie walichukua mchezo halisi wakaonyesha jinsi unavyoonekana na mtu ambaye hauoni.

Howard anashinda kila kitu, halafu anapigwa risasi. Watu husema mwisho huo ni wa kikatili. Mimi nauona ni wa haki kabisa kwa sanaa. Mkeka hauna mwisho wa aina nyingine, kwa sababu mtu aliyeshinda hana mahali pa kwenda ila kwenye mkeka mwingine.

*

Kwa nini hili linahusu kashfa? Kwa sababu kashfa zilizoikumba NBA hazikuhusu timu kuuza mechi. Ukiwa umelelewa na soka kama sisi wa Eastlands, ukisikia mechi imepangwa unafikiria golikipa aliyeachia mpira upite chini ya tumbo. Unafikiria matokeo. Kumbe mambo yamehama.

Mchukue Jontay Porter. Alikuwa Toronto Raptors kwa mkataba ule wa miguu miwili, mmoja NBA na mwingine ligi ndogo. Sio staa. Wengi walimjua kama mdogo wake Michael Porter Jr. Januari 26, 2024, alicheza kama dakika nne dhidi ya Clippers akatoka akisema jicho linamsumbua. Machi 20 alicheza kama dakika tatu dhidi ya Sacramento akatoka akisema anaumwa. Usiku huo kuna mtu alikuwa ameweka dola 80,000 kwamba Porter hatafikisha takwimu zake, apate dola milioni 1.1. Kampuni ya kamari ikashtuka na kuzuia malipo. Aprili 17, NBA ikamfungia maisha. Julai akakiri kosa mbele ya mahakama ya Brooklyn. Kilichotoka kwenye kesi ni kwamba alikuwa na madeni ya kamari, na waliomdai walimpa njia ya kuyafuta: toka mapema.

Hakuna aliyehitaji Raptors wapoteze. Matokeo hayakuguswa. Alichouza Porter kilikuwa kutokuwepo kwake.

Katika kesi ya 2025, Terry Rozier anashtakiwa kwamba Machi 23, 2023, akiwa Charlotte Hornets, aliwajulisha watu wake mapema kwamba angetoka mchezoni mapema dhidi ya New Orleans. Alicheza chini ya dakika kumi, akatoka akilalamikia mguu. Chauncey Billups, aliyekuwa kocha wa Portland alipokamatwa na mtu wa Hall of Fame, yumo kwenye kesi nyingine kabisa, ya poka iliyochezwa kwa mitambo ya kuchanganya karata iliyochezewa na meza zenye eksirei. Wote wawili walikana mashtaka waliposomewa, na mimi siandiki hapa kuwahukumu. Nataka tuone umbo la kitu chenyewe. Tuhuma dhidi ya Rozier ina umbo lile lile la Porter: mtu mmoja, dakika chache, mguu au jicho au tumbo. Ni mkeka wa Howard Ratner uliopinduliwa. Howard aliombea Garnett apande. Hawa waliombea mtu ashuke, na kushuka hakuhitaji kipaji.

Na hii ndiyo sababu basketiboli inaumia kuliko soka. Wachezaji ni watano tu uwanjani. Kila wanachofanya kinahesabika: pointi, pasi, ribaundi, mipira waliyopora. Mchezo mmoja unaweza kukatwa vipande mamia, kila kipande kikauzwa kivyake. Soka, hata ukiikata, bado ina dakika 90 za kutofanya chochote cha kuhesabika. Basketiboli ilijengwa kama mabucha ya Burma: kila kiungo kina bei.

*

Kuna filamu nyingine ambayo watu hutaja ikifika mada hii. Untold: Operation Flagrant Foul ya Netflix, ya 2022, kuhusu refa Tim Donaghy. Donaghy alibeti kwenye mechi alizosimamia mwenyewe, kashfa ikalipuka 2007, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Filamu imewakalisha chini yeye na wenzake wawili, Jimmy Battista na Tommy Martino, watu waliojuana tangu sekondari, na kila mmoja anasimulia toleo lake.

Inatazamika. Ndiyo shida yake. Imepigwa muziki wa majambazi, ina suti, magari na simu za siri, na kufikia katikati umeanza kuwapenda hawa wazee kama wajomba watukutu. Swali kubwa, je, Donaghy alipuliza filimbi kwa ajili ya pesa au alitumia tu habari za ndani, linaachwa likining'inia kama mapambo. Uchunguzi ambao NBA yenyewe iliuagiza, uliotolewa 2008, haukupata ushahidi kwamba alipotosha maamuzi makusudi. Uchunguzi wa ESPN wa 2019 ukafikia kinyume: kwamba alipanga. Hapo ndipo filamu yenye ujasiri ingekaa. Hii inakaa kwenye urafiki uliovunjika.

Kasoro yangu na Untold ni ya kifasihi kabla haijawa ya kimaadili. Inaamini kwamba kashfa ina mhusika mkuu. Ukishampata, ukamfunga, ukamtoa, ukampa maikrofoni, hadithi imekamilika. Hii ni simulizi ya fisi mmoja aliyeingia zizini. Ligi inaipenda simulizi hiyo sana, kwa sababu fisi akitoka, zizi linabaki safi na mwenye zizi hahojiwi.

Mwenye zizi hapa ana maandishi yake. Novemba 2014, kamishna wa NBA, Adam Silver, aliandika makala kwenye New York Times akitaka kubeti kwenye michezo kuhalalishwe na kusimamiwa. Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiondoa sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu biashara hiyo. Baada ya hapo kampuni za kamari zikawa washirika rasmi, na uwiano wa malipo ukaanza kusomwa na watangazaji wale wale wanaotangaza mechi. Hoja ya Silver haikuwa ya kijinga: kamari iliyo mwangani huonekana, na kweli Porter alinaswa kwa sababu kampuni halali iliona pesa isiyo ya kawaida. Lakini taa ile ile iliyomnasa ndiyo iliyomuuzia. Kabla ya hapo, nani alikuwa na haja ya kujua Porter ataokota ribaundi ngapi? Baada ya kashfa, kampuni zikakubali kutouza tena ubashiri wa "chini ya" kwa wachezaji wenye mikataba midogo kama yake. Yaani walijua kipi hasa kilikuwa kimeoza. Wakakata tawi moja.

*

Wanaodhani haya ni mambo ya simu wasome kuhusu 1951. Timu ya City College ya New York ilikuwa imeshinda mashindano makubwa yote mawili ya vyuo katika msimu mmoja, 1950. Kikosi cha watoto wa Kiyahudi na Weusi, wengi wa familia za wafanyakazi, chuo cha bure. Mwaka uliofuata, mwendesha mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, akaanza kuwakamata. Mwishowe wachezaji 32 wa vyuo 7 walihusishwa.

Walichofanya kilikuwa kipya. Hawakuhitajika kupoteza. Kamari ilikuwa imegundua tofauti ya pointi: timu kali inapewa mzigo, mathalani lazima ishinde kwa zaidi ya 8. Mchezaji akihongwa, kazi yake ni kuhakikisha wanashinda kwa 5. Unashinda mechi, unashangiliwa, unarudi nyumbani na bahasha. Kushinda mechi na bado umeiuza. Nadhani hakuna sentensi inayoeleza vizuri zaidi jinsi pesa inavyoingia kwenye kitu kizuri. Hauhitaji kukivunja. Unakipunguza kidogo tu, pale ambapo hakuna anayetazama.

Na nani alilipia? Vijana ambao hawakuwa wanalipwa senti, huku Madison Square Garden ikijaa kwa sababu yao. Muongo mmoja baadaye ikaja zamu ya Connie Hawkins, mtoto maskini wa Brooklyn, pengine kipaji kikubwa kuliko wote wa kizazi chake mitaani. Alikuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Iowa, 1961, jina lake likatajwa kwenye uchunguzi mwingine wa kuuza mechi. Hakushtakiwa kamwe. Chuo kikamtema, NBA ikamfungia mlango, akacheza ligi za pembeni na Harlem Globetrotters hadi alipoishtaki NBA na kupata suluhu mwaka wa 1969. Aliingia Phoenix Suns akiwa na miaka 27. Walimpa Hall of Fame mwaka wa 1992. Miaka nane ya magoti yake hakuna aliyemrudishia.

Hapa narudi kwenye dosari kubwa ya Uncut Gems, kwa sababu hata kazi ninayoipenda lazima nayo iulizwe. Yule mchimbaji wa Welo harudi. Kuna wakati mmoja tu ambapo Garnett anamuuliza Howard swali linalokata: ulilipa laki moja kwa watu wa Ethiopia kwa jiwe unalodhani ni la milioni? Howard anajibu kwa hotuba kuhusu kushinda, na filamu, kama Garnett, inachukuliwa na hotuba. Mguu uliovunjika unabaki dakika ya kwanza. Kila hadithi ya kamari niliyoisoma au kuiona ina mchimbaji wake, na karibu kila moja inamsahau ikishafika mahali penye taa.

*

Kwa ground sasa. Kwetu kashfa zimekuja kwa njia ya soka. Mwaka wa 2019 FIFA ilimfungia George Owino, aliyewahi kuwa beki wa Harambee Stars, miaka 10 kwa kula njama na mpanga mechi maarufu wa Singapore, Wilson Raj Perumal. Mwaka wa 2020 ikafuata hukumu ya wachezaji wanne waliotoka Kakamega Homeboyz. Mwaka wa 2021 Zoo FC ya Kericho ikaondolewa Ligi Kuu. Januari 2023 shirikisho, FKF, likawasimamisha wachezaji 14 na makocha 2 kwa mkupuo. Kila mara tulipata habari ya siku mbili, majina, picha za pasipoti, kisha kimya. Wachimbaji wengine kwenye dakika ya kwanza ya filamu.

Kile ambacho habari haikusema ni nani alikuwa analipia ligi. SportPesa ilidhamini Ligi Kuu, na jina lake lilikuwa kwenye vifua vya Gor Mahia na AFC Leopards. Ilipokorofishana na serikali kuhusu kodi na leseni, 2019, ikafunga duka, na vilabu vikongwe vikabaki vikichangisha nauli kwa mashabiki. BetKing ikaja 2020 na mkataba wa miaka mitano. 2021 ikawa imeshaondoka. Kwa hiyo mchezaji ambaye amekaa miezi bila mshahara, katika ligi inayolipiwa na kamari, anaambiwa aikatae kamari ikimfuata mlangoni na bahasha. Simtetei aliyechukua. Nasema hiyo ni hadithi tofauti na ile ya fisi.

Basketiboli yetu bado haijapata kashfa yake, na sababu yake si uadilifu. Hakuna aliyeiwekea bei. Ukienda kutazama Ulinzi Warriors, Strathmore Blades au wadada wa KPA na Equity, hakuna mtu anayeuza ubashiri wa ribaundi za mtu. Hilo halitadumu. Nairobi City Thunder walicheza BAL mwaka wa 2025 kule Rabat, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na BAL ni mtoto wa NBA na FIBA. Mlango ni ule ule. Furaha ikiingia, na mwenye kipimo anaingia nyuma yake.

Nalijua hilo kipimo kwa karibu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na kazi ya kwanza ya kuandika niliyolipwa ilikuwa ya tovuti moja ya ubashiri. Soka ya Ulaya ikilala, watu wa kubeti bado wako macho, na usiku wa Nairobi kuanzia saa nane kinachochezwa ni NBA. Kwa hiyo walitaka maneno 150 kwa kila mechi, mechi nane kwa usiku mmoja. Nilipewa jedwali la takwimu. Hakuna aliyetarajia niwe nimeitazama timu. Mhariri alikuwa na sheria moja ya lugha: neno "huenda" lilikuwa marufuku. Andika "atapita". Andika "uhakika". Malipo ya mwezi wa mwisho hayajafika hadi leo, lakini somo la fasihi lilikuwa la bure. Niliona jinsi lugha inavyogeuzwa kuwa chambo: unaondoa shaka, na shaka ndiyo mchezo wenyewe.

Lugha yetu ya mtaani imebeba mengi ya haya bila kuyahoji. Tunasema "timu moja imenichoma", kana kwamba ilikujua. Kampuni ya kamari tunaiita "mhindi": nimekula mhindi, mhindi amenila. Ni jina la kibaguzi, lakini pia ni jina la uongo, kwa sababu linageuza shirika lenye wanahisa, wanasheria na seva kuwa mwenye duka mmoja wa kona ambaye siku moja utamshinda kwa ujanja. Unaweza kumshinda mtu. Hesabu huishindi. Halafu kuna "kuomoka". Hilo ndilo neno la huzuni kuliko yote. Halina ngazi ndani yake. Huomoki polepole. Ukishaamini kwamba njia ya kutoka Kayole ni ya ghafla tu, mkeka unakuwa jibu la busara.

Mwaka wa 2017 utafiti wa GeoPoll ulikuta asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kubeti, wa juu kuliko nchi nyingine zilizopimwa Afrika. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa sahihi kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Sawa. Lakini sheria inaweza kupunguza matangazo. Haiwezi kuturudishia jicho.

*

Na jicho ndilo ninalolilia hasa. Kuna vinyozi wachache kando ya Spine Road ambako mechi za NBA za usiku hurudiwa asubuhi, sauti imezimwa. Siku hizi mchezaji akishika kifundo cha mguu akaketi chini, mtu lazima acheke na kusema: huyo ameshalipwa. Si utani tena. Ni namna ya kusoma. Kashfa imetufundisha kuusoma mwili wa mtu aliyeumia kama maandishi ya mwongo. Hiyo ndiyo hasara ambayo haimo kwenye hati yoyote ya mashtaka. Porter na wenzake hawakuiba tu dola za kampuni. Wamekopa kutoka kwenye imani yetu, na sisi ndio tunaolipa riba kila mtu anapochechemea.

Na bado kudhani kila kitu kimepangwa si werevu. Ni mkeka mwingine tu, wa mtu ambaye hataki kuchomwa. Anayesema "yote ni feki" ana uhakika sawa na ule niliolipwa kuuandika. Wote wawili wamekwepa kazi ya kutazama.

Mhakiki anaweza kufanya nini? Kidogo, lakini si bure. Anaweza kukataa kuukata mchezo vipande. Anaweza kuuliza, kila hadithi ya kashfa ikija na sura ya mtu mmoja, mgodi uko wapi na nani amevunjika mguu. Na anaweza kutaja yale yaliyotokea ambayo hayakuwa na bei.

Nina moja. Februari 2021, Yaoundé. Kenya Morans dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Kocha wetu ni mwanamke, Liz Mills, jambo ambalo wengi walilibeza hadi siku hiyo. Tunahitaji ushindi tufuzu AfroBasket, ambayo hatukuwa tumeigusa tangu 1993 tulipoiandaa hapa Nairobi. Tuko chini, saa inakwisha. Tylor Ongwae anapata mpira, anajitengenezea nafasi, anaruka, anauachia king'ora kikikaribia. Unaingia. Kenya 74, Angola 73.

Nimeitazama klipu hiyo mara nyingi kuliko Uncut Gems. Hakuna nambari inayopanda pembeni ya kioo. Hakuna anayehesabu pointi za Ongwae ili apate chake. Wachezaji wa akiba wanakimbilia uwanjani kabla hawajajua wanakimbilia nini, na kwa sekunde mbili hivi hata mtangazaji amekosa maneno. Hakujua itaingia. Hakuna aliyejua.